Shajara ya upimaji: mfumo wa VICOBA, Januari hadi Machi

Januari, wiki ya pili

Mradi umeanza. Ni mfumo wa kuendeshea vikundi vya kuweka na kukopa, VICOBA, kwa vikundi vichache vya Ilemela na Magu, mkoani Mwanza. Una programu ya simu ya katibu na mhazini, seva inayotunza hesabu, na meseji zinazokwenda kwa wanachama kila mkutano unapofungwa. Watengenezaji ni wawili. Mimi ndiye mpimaji, na nimewaambia mapema kwamba sitaki kuletewa kazi siku ya mwisho nipige muhuri. Upimaji unaoanza baada ya msimbo, yaani maagizo yanayoiendesha programu, kukamilika ni sawa na kutafuta nyufa kwenye ukuta ulioshapigwa rangi.

Kabla ya kufungua kompyuta nimehudhuria mkutano wa kikundi kimoja. Sisi watu wa programu hupenda kudhani kwamba udhibiti wa ubora tumeuleta sisi. Hapa sanduku la chuma lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu; hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Wahesabu fedha ni wawili na wote wanahesabu kwa sauti. Mkutano ukifungwa, katibu anatangaza salio, na kila mwanachama anatakiwa alishike kichwani. Mkutano unaofuata mtu yeyote anaweza kusimamishwa alitaje kabla sanduku halijafunguliwa. Mgawanyo wa madaraka upo, uhakiki wa mtu wa pili upo, na salio la kufungia linalinganishwa na la kufungulia. Mfumo wetu ukiondoa kimojawapo bila kuweka kingine mahali pake, tutakuwa tumeharibu, hata kama hakuna skrini itakayokwama.

Watu walipoanza kutawanyika mhazini aliniita pembeni. Ni mama wa makamo, anauza dagaa mwaloni.

"Mwanangu, hicho kisimu kikisema hela pungufu na sanduku likasema zimetimia, nani mwizi?"

"Mama, ndiyo maana nimekuja."

"Hujanijibu."

Swali lake nimeliandika juu kabisa ya waraka wa mkakati wa upimaji. Mengine yote kwenye waraka huo yanaweza kubadilika.

Januari, wiki ya tatu

Tumepanga viwango vya uzito wa kasoro. Kwa mazoea ya kazi hii, mfumo kuzima ndiyo kasoro nzito kuliko zote, na tarakimu iliyokosewa kwenye ripoti inawekwa katikati. Nimependekeza tupindue. Programu ikizima katikati ya mkutano, katibu anachukua daftari na kazi inaendelea. Salio likibadilika kimyakimya, mhazini anasimamishwa mbele ya wenzake ajieleze, na hana cha kueleza.

Mtengenezaji mmoja aliona ninatia chumvi. "Dada, hizi ni hesabu za vikundi, siyo benki kuu." Nikamsimulia kisa cha Horizon. Huo ni mfumo wa hesabu wa posta ya Uingereza, uliotengenezwa na Fujitsu. Kuanzia 1999 hadi 2015 mamia ya wasimamizi wa matawi madogo walitiwa hatiani kwa wizi na kughushi hesabu kwa sababu mfumo ulionyesha pungufu. Wengi walikopa au waliuza mali zao ili kufidia fedha ambazo hazijawahi kupotea, na baadhi walifungwa. Muda wote huo waliambiwa mfumo ni imara. Desemba 2019 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zenye uwezo wa kusababisha pungufu hizo, na 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu kwa mkupuo. Kitu kinachonisumbua zaidi katika kisa hicho ni kwamba mafundi waliweza kuingia kwenye hesabu za tawi kutoka mbali na kuzibadilisha, huku mwenye tawi hajui.

Hakubisha tena. Viwango vimekubaliwa hivi: cha kwanza ni shilingi yoyote inayobadilika bila kuacha alama. Cha pili ni kosa ambalo historia ya mfumo inaweza kuonyesha lilikotoka. Cha tatu ni mfumo kuzima bila kupoteza kumbukumbu. Cha nne ni muonekano. Tumetenganisha pia uzito na haraka: jina la kikundi kimoja limeandikwa vibaya kwenye skrini ya kwanza, ni kasoro ya kiwango cha nne, lakini itarekebishwa kesho kwa sababu watu wakiliona watacheka na hawatatuamini kwenye hesabu.

Sharti jingine limeingia: hakuna kufuta. Aliyekosea anaingiza mstari wa marekebisho, wenye jina lake, saa na sababu, na mstari wa kwanza unabaki ulivyo. Sharti hilo linatuhusu na sisi tunaoshika seva.

Januari, wiki ya nne

Data ya kupimia. Njia ya mkato iliyopendekezwa ilikuwa kunakili kumbukumbu za kweli za wanachama. Nimekataa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu 1 Mei 2023, na hata isingekuwepo, deni la mtu na namba yake ya simu havina sababu ya kukaa kwenye laptop ya mpimaji anayepanda daladala. Kikundi kimoja kimeturuhusu, kwa maandishi, tutumie daftari la mzunguko wao uliopita. Majina na namba tumebadilisha, hesabu tumeziacha kama zilivyo.

Kubadilisha majina nako kuna ufundi wake. Rasimu ya kwanza ilikuwa na "Mwanachama 1", "Mwanachama 2", na kuendelea. Majina ya namna hiyo hayakamati kitu. Kanda hii hukosi Kulwa na Doto kwenye kikundi, pacha, jina la baba moja, na mara nyingine wanatumia simu moja. Yupo mama anayejulikana kwa jina la mwanawe tu. Yapo majina yanayoanza na Ng'. Yupo mwenye laini mbili anayelipia kwa yoyote iliyo na salio. Wote nimewaweka.

Matokeo yalionekana jioni ile ile: mfumo ulimkataa Doto. Utambulisho wa mwanachama ulikuwa namba ya simu, na Kulwa alikuwa ameshaichukua. Sasa utambulisho ni namba ya uanachama, simu ni taarifa tu.

31 Januari

Jaribio moja la kiotomatiki limekuwa likifeli siku za mwisho wa mwezi na kupita siku nyingine. Nimegundua watu walishazoea kulirudisha tu, kesho linapita, maisha yanaendelea. Mazoea hayo ni mabaya kuliko kasoro yenyewe, kwa sababu siku jaribio lingine likifeli kwa haki, litapuuzwa vilevile.

Chanzo: jaribio lilikuwa linatumia tarehe ya leo na kupanga marejesho ya mkopo kila mwezi. Mkopo wa 31 Januari ukisogezwa mwezi mmoja unaangukia 28 Februari. Ukiendelea kusogeza kutoka hapo unapata 28 Machi na 28 Aprili. Ukihesabu kila mara kutoka tarehe ya kwanza unapata 31 Machi na 30 Aprili. Sehemu moja ya msimbo ilifuata njia ya kwanza, nyingine ya pili. Watengenezaji wakabishana ipi ni sahihi.

Nikampigia katibu. Akasema wao hawahesabu miezi hata kidogo, mkopo unarejeshwa siku ya mkutano, na mkutano ni kila wiki. Msimbo wote wa miezi umeondolewa. Hakuna kurekebisha kunakopendeza kama huku.

Februari, wiki ya kwanza

Mgawo wa mwisho wa mzunguko. Hapa nimekaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na sijutii.

Mzunguko ukiisha, fedha zote zilizomo, pamoja na riba na faini, hugawanywa kwa hisa. Kwa daftari tunalotumia ni Sh 4,870,000 kwa hisa 613, yaani 7,944.53 na mkia wake kwa hisa moja. Msimbo ulikuwa unapeleka thamani hiyo kwenye namba kamili iliyo karibu, 7,945, kisha unazidisha kwa hisa za kila mtu. Zidisha 7,945 kwa 613 upate 4,870,285. Mfumo umegawa shilingi 285 ambazo hazimo sandukuni. Ni fedha kidogo, lakini wa mwisho kuitwa mezani atazikosa, na jina litakalotajwa ni la mhazini. Kiwango cha kwanza.

Marekebisho yaliletwa siku hiyo hiyo: shusha hadi 7,944. Jumla haizidi tena, zinabaki shilingi 328, na majaribio yote yamepita. Kama kazi yangu ingekuwa kuhakikisha majaribio yanapita, ningefunga hapo. Lakini mwenye hisa 41 kwa hesabu hiyo anadai Sh 325,704. Mezani utampaje shilingi nne? Sarafu ndogo inayoonekana mtaani ni ya 50.

Nilirudi kwenye daftari kuona wao walifanyaje. Ukurasa wa mgawo unaonyesha hisa moja ililipwa 7,900. Nilipomuuliza mhazini, alishangaa kwamba kuna anayeuliza. Unashusha hadi sarafu inayopatikana, na kinachobaki, ambacho kwa mwaka huo kilikuwa Sh 27,300, kinafungulia mfuko wa jamii wa mzunguko mpya. Jambo hilo halimo kwenye orodha ya mahitaji wala kwenye katiba ya kikundi. Kwao siyo kanuni ya kuandikwa, ndivyo mambo yanavyofanyika. Na kikundi cha Magu, ambacho hulipana kwa simu, kinataka ishuke hadi shilingi moja, kwa sababu simu haihitaji sarafu.

Kwa hiyo kiwango cha kushushia kimekuwa mpangilio wa kila kikundi, na jaribio limeandikwa upya kama sharti moja lisilo na ubaguzi: mgawo wote ukijumlishwa na baki lazima uwe sawa na fedha zilizokuwepo. Kompyuta inazalisha kiasi na idadi ya hisa kwa kubahatisha, maelfu ya mara, na kila mara inakagua sharti hilo. Jaribio la namna hii nalipenda kuliko orodha ndefu ya mifano niliyoitunga mwenyewe, kwa kuwa mifano yangu inafanana na mawazo yangu.

Pia hakuna tena desimali za kuelea, zile ambazo kompyuta huzitunza kwa kukadiria, kwenye fedha. Anayebisha aiambie kompyuta ijumlishe 0.1 na 0.2 kwa njia hiyo, aone 0.30000000000000004.

Februari, wiki ya pili

Meseji. Gharama ya majaribio imekuwa kubwa kuliko idadi ya meseji zilizotumwa, na hakuna aliyejua kwa nini. Meseji yenyewe ni hii:

Ndugu Ng'wandu, tumepokea hisa 5 (Sh 25,000) na mfuko wa jamii Sh 1,000 leo 14/02. Jumla ya hisa zako ni 41. Asante.

Ni herufi 116. Meseji moja inabeba 160, basi hapa pana nafasi ya kutosha. Lakini kwa wanachama fulani tulikuwa tunatozwa mbili. Nilipowapanga kwa majina, wote walikuwa na Ng', lakini siyo kila mwenye Ng' alikuwemo. Hapo ndipo nilipoanza kutazama herufi moja moja.

Orodha ya wanachama wa kikundi kimoja ilichapwa kwenye Word, na Word hubadilisha alama ya apostrofi iliyonyooka kuwa ile iliyopinda. Machoni zinakaribia kufanana. Kwenye Unicode, jedwali linaloipa kila herufi namba yake, moja ni 0027 na nyingine ni 2019, na hiyo ya pili haimo kwenye seti ya herufi za msingi za meseji za simu. Ikiwemo hata moja tu, meseji nzima inahamia kwenye mfumo mwingine wa herufi wenye nafasi 70 badala ya 160. Ikizidi hapo inakatwa vipande vya herufi 67. Herufi 116 zinakuwa vipande viwili, na kila kipande kinatozwa.

Gharama ni kiwango cha pili tu. Kibaya zaidi nilikikuta nilipomtafuta Ng'wandu kwa simu: hakuonekana. Simu iliandika apostrofi iliyonyooka, kanzidata, ghala la kumbukumbu za seva, ilikuwa na iliyopinda. Katibu asiyemwona mwanachama kwenye orodha atafanya nini? Atamsajili upya. Nimejaribu, mfumo ukanikubalia, na sasa mtu mmoja ana akaunti mbili, hisa zake zimegawanyika. Hicho ni kiwango cha kwanza, kimetoka kwenye alama ndogo kuliko punje ya ulezi.

Marekebisho: apostrofi za kila aina zinabadilishwa kuwa moja pale tu jina linapoingia, na tumeyapitia majina yote ya zamani. Jaribio jipya linajaza kila kiolezo cha meseji kwa jina refu kuliko yote na linafeli ikiwa kitazidi kipande kimoja. Mfumo uliotengenezwa kwa wasemaji wa Kiswahili ulipaswa kuijua Ng' tangu siku ya kwanza, lakini maktaba nyingi tunazotumia zimeandikwa na watu ambao hawana ng'ombe kwenye kamusi zao.

Februari, wiki ya tatu

Mjadala mkali. Sehemu ya mikopo imechukuliwa kutoka mradi wa zamani wa mtengenezaji mmoja, na hoja yake ni kwamba haihitaji kupimwa upya: imefanya kazi miaka mingi kwa kampuni ndogo ya mikopo bila lalamiko.

Nikamkumbusha Ariane 5. Tarehe 4 Juni 1996, Kourou, Guyana ya Ufaransa. Roketi ilibeba msimbo uliotoka Ariane 4, ambako ulikuwa haujawahi kuleta shida. Ariane 5 ilikuwa na mwendo tofauti, namba moja ya kasi ikawa kubwa kuliko ilivyotarajiwa, na ilipohamishwa kutoka nafasi ya biti 64 (biti ni tarakimu moja ya kompyuta, sifuri au moja) kwenda nafasi ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32,767, haikuenea. Hazikutimia sekunde 40 roketi ikawa vipande. Hesabu iliyoiangusha haikuwa hata na kazi tena baada ya roketi kuondoka ardhini.

"Sisi hatuna roketi," akasema.

"Tufungue msimbo basi."

Sehemu hiyo inatunza fedha kwa senti, kwenye namba kamili ya biti 32. Mwisho wa nafasi hiyo ni 2,147,483,647. Ukigawa kwa mia unapata shilingi milioni 21 na laki nne na ushee. Kwa kampuni iliyokuwa ikimhesabia mteja mmoja mmoja vimkopo vyake, dari hilo haliguswi. Kwa kikundi kizima kinachojumlisha mikopo yote iliyo nje, linafikiwa. Nimeingiza jumla ya Sh 21,474,836, ikapita. Nimeongeza shilingi moja. Java, lugha ya programu iliyoandikiwa sehemu hiyo, haipigi kelele kwenye jambo hili: skrini imeandika kwamba kikundi kinawadai wanachama wake shilingi milioni 21 hasi.

Sasa ni biti 64, na senti zimeondolewa. Sehemu nzima ya mikopo inapimwa upya kama vile imeandikwa wiki hii.

Februari, wiki ya nne

Ukomo wa hisa, moja hadi tano kwa mkutano. Nimejaribu kuingiza sifuri, moja, tano, sita, tupu, hasi, tano yenye nafasi mbele yake. Yote sawa kwenye simu. Kisha nikanunua tano mkutanoni na moja kwa malipo ya simu usiku ule, nikapata sita. Ukaguzi ulikuwa kwenye skrini tu, seva haikuwa nao.

Nimefanya pia jaribio ninalolifanya kila mradi: nimeharibu msimbo makusudi. Nilibadilisha "kubwa kuliko tano" ikawa "kubwa au sawa na tano" na kuendesha majaribio yote. Yalipita yote, kijani kitupu. Ripoti ilikuwa inajivunia kwamba karibu kila mstari wa msimbo unaguswa na jaribio, na ni kweli mstari huo uliguswa, lakini hakuna jaribio lililokuwa limesimama kwenye tano yenyewe. Mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra alishasema tangu enzi za kompyuta za ukubwa wa chumba kwamba majaribio yanaonyesha kasoro zilizopo, hayathibitishi kwamba hazipo. Kijani cha skrini kinawasahaulisha watu haraka sana.

Kuanzia sasa mstari wowote unaogusa fedha unasomwa na mtengenezaji wa pili kabla haujaingia. Vikundi vina wahesabu wawili, hatuwezi sisi kuwa na mmoja.

Machi, wiki ya kwanza

Malipo ya simu. Mtandao wa simu ukishapokea fedha hutuma taarifa kwenye seva yetu, na usipopata jibu haraka hutuma tena. Tukipokea taarifa mbili za malipo mamoja, mwanachama anaandikiwa hisa mara mbili. Msimbo ulikuwa na kinga: angalia kama namba ya muamala ipo, kama haipo, ingiza. Nimetuma taarifa ile ile mara mbili zikifuatana. Kinga imefanya kazi. Nimezituma kwa wakati mmoja. Hisa kumi badala ya tano. Zote mbili ziliangalia kabla mojawapo haijaingiza. Dawa yake haikai kwenye msimbo, inakaa kwenye kanzidata: namba ya muamala imewekewa sharti la kutorudiwa, na ya pili inakataliwa hata zikifika pamoja.

Kasoro za wakati hujificha kwa mpimaji kwa sababu mpimaji ni mtaratibu. Mashine ya mionzi ya Therac-25 iliumiza na kuua wagonjwa Marekani na Kanada kati ya 1985 na 1987, na mojawapo ya kasoro zake ilijitokeza tu pale mwendeshaji mzoefu aliporekebisha maandishi kwenye skrini kwa kasi. Anayejifunza asingeiona. Nimemwazima simu katibu mwenye vidole vyepesi kuliko wote, nikamwambia asiwe mpole. Amebonyeza "Hifadhi" mara tatu kabla skrini haijabadilika. Faini tatu.

Machi, wiki hiyo hiyo

Ripoti ya Februari ilishachapwa na kusainiwa, kisha jumla yake ikabadilika. Seva inatumia saa za UTC, yaani saa za kimataifa, sisi tuko mbele kwa saa tatu. Mwanachama alilipa saa 7:20 usiku wa kuamkia 1 Machi, seva ikasoma saa 4:20 usiku ya 28 Februari. Saa inatunzwa kama ilivyo, lakini siku sasa inahesabiwa kwa saa za Dar es Salaam. Ripoti iliyosainiwa imefungwa. Kinachochelewa kinaingia mwezi unaofuata na maelezo yake.

Machi, wiki ya pili

Tumewapa makatibu simu na kukaa kimya. Sheria ya kipindi hiki ni kwamba mtengenezaji haruhusiwi kusaidia wala kukohoa.

Fomu ya mipangilio inauliza saa ya mwisho ya kurejesha mkopo siku ya mkutano. Katiba ya kikundi inasema saa 12 jioni. Katibu akaandika 12:00, akaendelea. Simu ikaelewa adhuhuri, na kila aliyerejesha alasiri akapigwa faini. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuikamata, maana ofisini vidole vimezoea kuandika 18:00, na data yote ya saa tulikuwa tumeijaza sisi wenyewe.

Fomu imebadilishwa. Katibu anachagua saa kama anavyoisema, kisha asubuhi, mchana, jioni au usiku, na skrini inamrudishia sentensi nzima: "Faini itaanza kuhesabiwa baada ya saa 12 jioni. Ni sawa?" Katibu wa pili aliisoma kwa sauti, akasema hapana, kwao ni saa 11, akarekebisha mwenyewe.

Machi, wiki ya nne

Aliyelipia mradi anataka vikundi vyote vianze pamoja, kwa sherehe. Nimependekeza vianze viwili, daftari na simu zikienda sambamba, na mkutano usifungwe mpaka salio la simu, la daftari na la sandukuni yafanane. Yakitofautiana, daftari ndilo linalotambulika na sisi tunaitwa siku hiyo hiyo. Imekubaliwa, sherehe imesogezwa.

Kasoro za kiwango cha kwanza zilizo wazi: hakuna tunayoijua. Za kiwango cha pili zimebaki mbili. Simu ya katibu na ya mhazini zikirekodi mkutano mmoja bila mtandao na baadaye zikapata mtandao kwa pamoja, faini ya mtu mmoja hujitokeza mara mbili. Historia inaionyesha na inarekebishika kwa mstari mmoja, ila inakera. Kwa sasa kikundi kinatumia simu moja kurekodi. Ya pili ni simu za zamani zenye nafasi ndogo, ambazo hushindwa kufungua ripoti ya mwaka. Makatibu wote wawili wameonyeshwa zote mbili na wamesaini kwamba wanazijua.

Kikundi cha Ilemela kinaanza mkutano ujao. Mhazini ameomba historia ya marekebisho ichapishwe kwenye karatasi kila mwisho wa mwezi na kuwekwa ndani ya sanduku. Haikuwemo kwenye mpango. Imeingia kama hitaji la toleo lijalo, na mpaka hapo nitakuwa naichapa mimi.